Siku Niliyombeba Baba Mkwe Mgongoni

Mume wangu Wafula akisikia naanza hii habari huchukua kofia akatoka, lakini leo ameenda Njoro, kwa hivyo sogeeni niwaambie jinsi nilivyojiaibisha mbele ya wazee wa watu, na mkicheka mcheke polepole, kwa sababu mimi mpaka leo nikikumbuka nafunika uso.

Ilikuwa miaka ya sabini, tunakaa kwenye nyumba za reli hapa Nakuru, baba yangu ni fundi wa injini, na siku hiyo watu wa Wafula walikuwa wanakuja kuniomba rasmi. Nilikuwa nimemngoja Wafula miaka miwili, na nilimpenda vibaya sana, siwafichi. Kuku yuko jikoni, mama amepiga nyumba deki mara tatu, wageni wanatarajiwa saa kumi na mbili, halafu mama akagundua glasi hazitoshi. Akanituma kwa jirani yetu Mama Harjit, mama wa Kisingasinga mwenye roho safi na, jambo kubwa zaidi, mwenye televisheni. "Nenda urudi," mama akasema. "Usikae."

Nikakaa. Dakika tano tu, nilijiambia, kwa sababu jioni hiyo ndiyo walikuwa wanaanza kuonyesha ule mchezo mpya ambao mtaa mzima ulikuwa unaungoja, wa mwanamke mwenye nguvu za ajabu. Jameni, niseme ukweli, mara ya kwanza kumwona nilimdharau. Amevaa kichupi na mabuti ya kufika magotini, mkanda kama wa bondia, nywele hazitikisiki hata upepo ukivuma, nikasema huyu atapigana na nani akiwa uchi hivyo, si atapata nimonia. Mama Harjit akasema mabuti ni mekundu, mimi nikasema ni ya bluu (televisheni yenyewe haikuwa na rangi, lakini tulibishana kabisa). Kumbe mchana huyo mwanamke ni karani wa simu, bosi anamfokea, ananyamaza. Halafu lori likakatika breki likielekea shuleni, naye akatoka mbio, akaruka geti, akalisimamisha kwa mkono mmoja. Mkono mmoja, tena wa kushoto. Kisha akaingia kwenye nyumba inayoungua akatoka na mzee mgongoni, anamwambia asiogope. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamke kwenye televisheni akifanya kitu isipokuwa kulia na kutangaza sabuni.

"Huyu nani atamwoa?" Mama Harjit akauliza, na kabla sijamjibu nikasikia pikapu inanguruma upande wa kwetu. Wageni, na saa yao bado.

Nikipitia getini wataniona nazurura, msichana wa kuposwa, waseme sina adabu. Nikafunga glasi sita kwenye leso, leso nikaifunga kiunoni, nikapanda juu ya debe, nikauangalia ule ua wa kayaba uliotenganisha nyumba zetu (una miiba mirefu, lakini mbuzi walikuwa wameula katikati ukawa mfupi), nikajiambia, kama yule wa simu ameweza, mimi nina nini.

Nikaruka. Gauni likabaki kwa miiba, sehemu kubwa, na mimi nikatua upande wa pili juu ya mtu aliyekuwa amesimama ameuelekea ua. Mtu huyo alikuwa Mzee Wanyonyi, babake Wafula. Ametoka Njoro na pikapu, barabara ni mashimo, chai amekunywa njiani, na kwetu sisi watu wa Bungoma mzee akiwa ukweni haulizi choo kiko wapi, afadhali apasuke, kwa hivyo alikuwa amejipenyeza nyuma ya jikoni ajisaidie. Tukaanguka pamoja. Glasi zote zikavunjika.

Sasa, desturi yetu ni kwamba mkaza mwana na baba mkwe hawagusani, hata mkono hawapeani. Mtu mwenye akili angekimbia (wangesema ni mbuzi). Lakini mzee alikuwa ameshika kifundo cha mguu anaguna, na kichwa changu kilikuwa bado kwenye ile nyumba inayoungua. Nikamwambia, "Usiogope, nimekushika," nikamtupa mgongoni.

"Niteremshe," akasema. "Wewe msichana, niteremshe, suruali yangu."

Sikumsikiliza. Nikaenda naye mbio mpaka sebuleni, na hapo ndipo nilipowaona wote, wazee wanne na vikombe mkononi, mama na sinia, Wafula na tai, wananitazama mimi na gauni nusu, baba yake mgongoni, mkono mmoja umeshika shingo yangu, wa pili umeshika suruali.

Mzee mmoja akaweka kikombe chini. "Huyu ndiye tumekuja kuomba?"

"Ndiye," mama akajibu.

Wazee wakatoka nje kushauriana. Mimi nikajifungia jikoni nikalia mpaka kuku akaungua. Sikulilia glasi, nilimlilia Wafula, kwa sababu kwetu posa huvunjika kwa mambo madogo kuliko hayo.

Nikasikia mtu anakohoa dirishani. Alikuwa Mzee Wanyonyi, ameketi nje, mguu kwenye karai la maji ya chumvi, amenipa mgongo kama inavyotakiwa.

"Nani alikufundisha kubeba watu hivyo?"

"Televisheni, baba. Kuna mwanamke."

"Anabeba watu?"

"Anasimamisha hata lori. Kwa mkono wa kushoto."

Akausugua mguu wake kwenye maji.

"Anaonyeshwa siku gani?"

Basi nikaolewa. Wazee walichinja kondoo kulisafisha lile jambo, Mama Harjit akasema glasi ziwe zawadi ya harusi, na kwa kuwa Wafula naye alikuwa wa reli tukabaki mtaa uleule. Na kila Jumamosi, mvua au jua, Mzee Wanyonyi alipanda basi kutoka Njoro, akaenda moja kwa moja kwa Mama Harjit, akakalia kochi la mbele. Mimi mkaza mwana nitaketi naye wapi? Nilisimama nje, dirishani, kisogo cha baba mkwe kimefunika nusu ya kioo, na lori la wiki hiyo likikaribia ndipo alipoinuka kabisa.

Kwa hivyo ukitumwa glasi, chukua glasi urudi. Mimi nilikaa dakika tano, na hizo ndizo dakika pekee za ule mchezo nilizowahi kuona nikiwa nimeketi.