Siku Baba Alipopangia Himaya Kodi

Kompyuta yetu ya kwanza ilitoka Maskati, ndani ya boksi lililozongwazongwa godoro ili isivunjike njiani. Kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi kule, aliileta kwa sababu nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimekaa tu nyumbani nasubiri matokeo. Alinisisitizia kwenye simu nijifunze kupiga chapa. Nilijifunza kwa wiki moja. Kisha chini kabisa ya boksi nikakuta sidii ya mchezo, na kupiga chapa kukaishia hapo.

Ulikuwa mchezo wa himaya za kale. Unaanza na mji mmoja ukingoni mwa mto, unajenga masoko, mashamba na kuta, unateka miji mingine, na kila mji unaupangia kodi yake. Palikuwa na mshale wa kupandisha kodi na mshale wa kuishusha. Kando ya kila mji pana kijiuso: kikiwa cha kijani watu wameridhika, cha njano wananung'unika, chekundu wamekasirika. Ukipandisha kodi mno na usiishushe, zamu ya tatu ya kucheza mji unaasi, na si wako tena.

Kompyuta iliwekwa ukumbini, ghorofa ya pili, karibu na dirisha linaloangalia uchochoro. Mama aliifumia kitambaa cha kuifunika. Chini yake ilikaa stebilaiza, ambayo ililia "tak!" kila umeme ulipopungua nguvu, na mtaani kwetu miaka ile umeme ulipungua nguvu mara nyingi kuliko ulivyotulia.

Baba alikuwa amestaafu mwaka uliopita. Umri wake wote wa kazi aliumaliza kwenye masoko, akitoza ushuru: mafungu ya samaki, matenga ya ndizi, magunia ya muhogo. Nyumbani hakuwa msemaji. Akisali alasiri huteremka barazani kunywa kahawa na wenzake, akirudi ni kula na kulala. Mimi, binti yake, na yeye hatukuwa na mengi ya kuzungumza. Namsalimia "Shikamoo Baba," ananijibu "Marahaba," basi.

Siku hiyo alikuwa akipita kwenda zake barazani, kanzu imeshapigwa pasi, viatu vyake vya makubadhi mkononi. Mimi nilikuwa na miji sita na hazina tupu, nikajisemea kwa sauti, "Kodi haitoshi!"

Akasimama. "Kodi ya wapi?"

"Ya hapa, Baba. Kwenye mchezo. Nnapanga watu walipe kiasi gani."

"Unapanga wewe?"

"Naam. Nabonyeza hapa."

Akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akaniuliza kila kitu: mji huu una watu wangapi, una soko, una bandari, unatoa nini. Kisha akavuta kiti. Makubadhi akayaweka chini.

"Miaka yote ile," akasema, "mimi nnapewa karatasi. Kiwango kimeshaandikwa. Nkitoza naambiwa mimi mbaya, nsipotoza naambiwa mimi mwizi. Hakuna hata siku moja mtu aliyeniuliza kiwango kiwe ngapi." Akanitazama, na macho yake yalikuwa yanang'aa. "Pandisha."

"Mji upi?"

"Yote. Mpaka juu."

Nikapandisha. Hazina ikajaa kama maji ya bomba lililofunguliwa. Baba akapiga paja. "Umeona? Watu wanaweza kulipa, ni wavivu tu!" Vijiuso vikawa vya njano. Nikamwonya. Akasema watazoea. Vikawa vyekundu. Akasema subiri. Zamu ya tatu ikasikika ngoma ya vita, na miji mitatu ikaasi kwa mpigo, mmoja nyuma ya mwengine, bendera zetu zikishushwa mbele ya macho yetu.

Mama alikuwa mlangoni na upawa mkononi. Alizaliwa kijijini Jambiani, na kabla ya kuolewa alikuwa akija mjini kuuza pweza waliokaushwa. Alicheka mpaka akaegemea ukuta.

"Bwana, hata kwenye televisheni watu wanakukimbia!"

"Si televisheni," akasema Baba, amenuna. Kisha akanigeukia. "Mchezo huu unaweza kuanza tena?"

Kesho yake hakuniuliza kama nna nafasi. Alimaliza kusali akaja moja kwa moja kwenye kiti. Tulirudi nyuma, pale nilipokuwa nimehifadhi mchezo kabla ya uasi, na safari hii alikwenda mji kwa mji. Mji wa bandari akaupandisha ngazi moja, kwa kuwa una biashara. Mji wa mashamba akaushusha mpaka wamalize kujenga mfereji. Alibishana na mimi, alibishana na kioo, alibishana na nafsi yake. Sijapata kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile kwa siku moja. Tulibakia na mji mmoja tu uliotushinda, niliouteka vitani jana yake. Tuliuweka ngazi ya chini kabisa, na bado ulikuwa mwekundu.

Mama, ambaye siku hiyo alikuja na ungo wa mchele akae karibu nasi apete, akauliza, "Huo si ndo' mlioubomolea kuta jana?"

"Ndio, Mama."

"Mmewabomolea kuta, mmewachomea ghala, halafu mnawadai kodi? Waondoleeni."

"Hakuna kuondoa," akasema Baba. "Hiyo ndo' ngazi ya mwisho."

"Mmejaribu?"

Hatukuwa tumejaribu. Nikabonyeza mshale wa kushusha mara moja zaidi, na mshale ukakubali. Sifuri. Zamu moja, kijiuso kikawa cha njano. Zamu mbili, kijani. Baba akavua miwani akaifuta, akaivaa tena, akamsogezea Mama kiti.

Kuanzia hapo tulikuwa watatu. Jumamosi yake likatufika jambo lenyewe: adui wa kaskazini alikuja na jeshi ambalo sijaona mfano wake, limeziba njia nzima ya mlimani. Askari wetu walikuwa wachache, na dhahabu ya kuajiri wengine hatuna.

"Tupandishe yote," nikasema.

"Wataasi," akasema Mama.

Baba akanyanyua mkono. "Wanaasi zamu ya tatu. Sisi tunataka zamu mbili tu. Mbili! Ya tatu tunawashushia kabla hawajanyanyuka."

Nikapandisha mji mmoja mmoja. Ule wa kuta Mama akakataa katakata usiguswe, tukauacha. Zamu ya kwanza: njano. Zamu ya pili: nyekundu kila pembe, na hazina imejaa. Tukaajiri wapanda farasi, tukaajiri wapiga mishale. Stebilaiza ikalia "tak!" na kioo kikafifia.

"Usizimike, usizimike," Mama akaiomba, kiganja juu ya kompyuta kama anayempoza mtoto mwenye homa. Kioo kikarudi.

"Shusha!" akapiga kelele Baba. "Shusha sasa hivi!"

Nikashusha, mji kwa mji, nikihesabu kwa sauti. Hata mmoja haukuasi. Jeshi letu likatoka, na bado lilikuwa dogo. Tukaanza kurudi nyuma. Ndipo ule mji tuliousamehe, ambao kwa zamu zote zile ulikuwa umekua bila sisi kuuangalia, ukatokeza wapiganaji wake wa kujitolea ubavuni mwa adui. Mchezo ulikuwa na kanuni hiyo, nasi hatukuijua. Adui akavunjika, akakimbia.

Mama alipiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka sokoni. Baba alikuwa amesimama, kofia imemwendea upande, ananishika mabega na kunitikisa. Jirani wa ng'ambo ya uchochoro akafungua dirisha.

"Bi mkubwa, kuna nini huko? Binti kachumbiwa?"

"Tumeshinda vita!" akajibu Mama.

Na chini mlangoni, wazee wawili wa barazani walikuwa wanabisha hodi. Walikuja kumtazama mgonjwa, kwa vile hawajamwona kwenye kahawa siku tano. Baba akawapandisha juu, akawaketisha mbele ya kompyuta, na akaanza kuwaeleza habari za mfereji, bandari na ngazi za kodi. Walisikiliza kwa adabu kubwa.

Matokeo yalitoka nikiwa na alama za kutosha, nikaenda Dar es Salaam kusoma ualimu. Nilipopiga simu nyumbani mara ya kwanza, nilimsalimia Baba nikijua kwamba atanipa Mama simu mara moja kama desturi yake. Hakumpa.

"Nimejifunza kukishika kile kipanya mwenyewe," akasema. "Na nina miji kumi na moja. Ilikuwa kumi na mbili, lakini mmoja nliupandishia kwa ubishi, mama yako hayupo, wakaniasi."

Tulizungumza mpaka kadi ya simu ikaisha.