Kata za Damari

Pombe ya ulezi ya Damari ilisifiwa kutoka mjini Mbeya mpaka Igawa, na mwenyewe alijua, tena alijivuna. Kwao mpikaji sharti aonje kwanza mbele ya wanywaji, wasije wakasema amewatilia sumu. Wenzake walilamba tu ukingo wa kata ya kuchotea. Damari, wee! Kwa kila chungu alishusha kata nzima huku wanaume wakimpigia makofi. Mwaka 1950, akiwa na mimba ya Atuganile, alionja hivyohivyo mpaka wiki ya kujifungua.

Mtoto akatoka kiduchu, na kichwa kidogo. Kutembea akachelewa, kusema akachelewa. Alipofika miaka saba, mwalimu akamrudisha nyumbani: hatulii hata kidogo, na afundishwacho leo kesho hakijui.

Jailos, mumewe Damari, alikuwa na wa kumlaumu miaka mitatu sasa: Tupokigwe, dada yake mwenyewe, aliyerudi nyumbani baada ya kuachika kwa kukosa mtoto. "Kamroga mwanangu kwa kijicho!" Na ni Tupokigwe huyohuyo aliyekuwa akimwambia mtoto jambo moja mara ishirini bila kukunja uso.

Damari aliijua sababu tangu mtoto akiwa na miaka minne. Mkunga wa misheni alimtazama Atuganile, akauliza, "Mimba ya huyu ulikuwa unakunywa?"

"Naonja tu, mama."

"Basi na yeye alikuwa anaonja."

Miaka mitatu akalimeza neno hilo. Kila Jailos alipomtukana dada yake, Damari aliinama akachochea kuni. Roho ilimsuta, usingizi ukamkimbia, na bado akanyamaza. Mwoga mkubwa! Afadhali mchawi awe wifi.

Mpaka siku ile Jailos alipotupa nje vyombo vya Tupokigwe na kumwambia jua lisimkute pale. Damari akashindwa kuvumilia.

"Baba Atu, mwache! Aliyemharibu mtoto ni mimi. Nilimnywesha pombe tumboni."

Jailos akacheka. "Mama naye alionja. Mimi nina nini?"

Damari akamweleza maneno ya mkunga, yote. Kicheko kikakatika. Jailos akakaa chini.

Damari akampigia wifi yake magoti. "Nisamehe, wifi. Sikujua."

"Ulipokuwa unaonja hukujua," Tupokigwe alisema taratibu, akifunga mzigo wake. "Hapo sina neno na wewe. Lakini siku ile kwa mkunga, nani alikuwa amembeba mtoto? Si mimi? Nilisikia. Nimeitwa mchawi miaka mitatu, nangoja useme."

Akajitwika mzigo, akashika njia. Atuganile akamkimbilia, akang'ang'ania kanga yake akipiga mayowe. Damari akaenda kumvuta. Mtoto akamng'ata mkono.

Damari akamwachia. "Nenda naye, wifi," alisema, na machozi yakamshuka.

Tupokigwe akachuchumaa, akamgeuzia mtoto mgongo ili apande.