Mwamba wa Nyamburi

Shamba la ukoo lilipogawanywa kule Butiama, shemeji zake Nyamburi walijitwalia udongo mweusi wa bondeni. Yeye, kwa kuwa mjane, wakamwachia kipande cha mlimani chenye mwamba mpana kama uwanja. Alinuna mwaka mzima. Lakini mihogo ilipovunwa na kumenywa, ya kwao ilioza kwenye tope, yake ikakauka nyeupe juu ya jiwe lililoshiba jua.

Siku hizi wao ndio hupanda na mabeseni kuomba nafasi ya kuanika.

"Anikeni," huwaambia. "Si mlikuwaga mnanicheka?"

Na kila asubuhi, akiufagia mwamba wake, humshukuru Mungu kwanza, kisha huwashukuru wale waliompunja.