Mate ya Mwenye Damu

Nianze na wembe, maana bila kuuelewa wembe hutaelewa yaliyofuata. Wembe mzima ulivunjwa katikati kwa urefu, na kila nusu akapewa mtoto mmoja. Unaishika kwa kidole gumba na cha shahada, unapenyeza ncha chini ya mshono, unakata uzi mmoja, unaruka mitatu, unakata tena, kisha unavuta. Ukiwa na mkono mzuri, mshono unabanduka kama ganda la mhogo. Ukikosea kidogo unakata kitambaa. Ukikosea zaidi unajikata. Kwa fundi wetu, kosa la kwanza lilikuwa kubwa kuliko la pili.

Nilikuwa na miaka kumi. Mama alikuwa amenitoa Kabuku kwenda kukaa na shangazi yangu Korogwe, ili nisome shule ya mjini. Shuleni, asiye na sare alichapwa na kurudishwa nyumbani. Nilichapwa mara tatu. Mara ya nne shangazi hakunirudisha tena shuleni, alinipeleka kwa fundi.

Fundi hakuwa ameanza na watoto. Miaka ile nguo zilipokuwa adimu, alikuwa na wasaidizi watatu, watu wazima wenye wake zao. Watu walipanga foleni kununua kitambaa, na mwenye bahati ya kukipata alikileta barazani kwake. Kisha biashara ikafunguliwa, marobota ya mitumba yakaanza kushushwa sokoni, na suruali iliyokwisha kushonwa ikawa rahisi kuliko ujira wa kushona mpya. Wateja wakamhama. Kilichobaki ni sare, kwa sababu hata ukipekua robota mpaka chini, hukuti humo sare ya mtoto wa Korogwe.

Fundi akafikiri. Alinunua mashati meupe ya wazungu wanene, makubwa ambayo hapa kwetu hayakuwa na tumbo la kuyajaza, akayafumua na kukata humo mashati ya watoto. Shati moja lilitoa mawili. Ila kufumua ni kazi ya siku nzima, na mtu mzima anataka mshahara. Mtoto alitaka sare tu. Kwa hiyo wale watatu waliondoka, tukaingia sisi watatu. Patano lilikuwa hivi: fumua mpaka shule zifunguliwe Januari, upate sare yako. Ukiharibu, huna sare. Naomba usimcheke yule mtoto aliyeona patano hilo ni zuri. Tuliacha shule ili tupate nguo ya kwendea shule, na hakuna mtu mzima aliyeliona hilo kuwa kichekesho.

Tulikuwa mimi, msichana wa Mnyuzi aliyekuwa mdogo kuliko wote, na mvulana wa wafugaji kutoka upande wa Mazingara. Huyo alikuwa na masikio yaliyotobolewa, na alikuwa amemtoroka baba yake aliyetaka achunge. Mikono yake ilikuwa myepesi kutupita sote.

"Wewe Mkwavi," fundi alimtania siku ya kwanza, "hapa hatuchuni mbuzi."

"Mbuzi ni rahisi, fundi," alijibu huku akivuta uzi. "Mungu hakumshonea kola."

Fundi alicheka, kisha akampiga kichwani kwa futi ya mbao, ile ya kupimia. Ndivyo alivyokuwa. Alipiga bila kukunja uso, kama anayefukuza inzi, na sisi tulikosa dalili ya kutuonya. Mara moja msichana wa Mnyuzi alipasua mkono wa shati. Fundi alimpiga mdomoni kwa ubapa wa futi, na jino likadondoka juu ya kitambaa. Aliinama upesi. Aliokota shati kwanza, akalikagua kama limeingia damu, akalitundika. Ndipo akamwambia mtoto akasukutue.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa nilijikata kidole gumba. Yule mvulana aliona. Alichana utepe kutoka pindo la shati lake mwenyewe, akanifunga na kukaza kwa meno.

"Bana hapo. Ng'ombe tunamtoboa shingo, tunakinga kibuyu kizima, na bado anakwenda malishoni. Hiki kitone tu."

Wakati ule sikujua kwamba kabla ya kufungwa nilikuwa nimekwisha kushika kola ya shati lililokuwa tayari kwa mteja.

Jioni alikuja baba mmoja kutoka Handeni kuchukua sare za wanawe. Alikunjua shati la mwisho na kuona doa la damu, dogo, limekauka. Hakugomba. Alilirudisha mezani, akachukua mengine, akaondoka.

Fundi akafunga mlango.

Vidole vyetu visingeweza kutoa ushahidi, maana sote tulikuwa na mikato mipya na ya zamani. Lakini mafundi wana elimu yao. Waliamini, na wengine wanaamini hadi leo, kwamba damu ikidondoka kwenye nguo huondolewa na mate ya mwenye damu, na si ya mtu mwingine. Fundi mwenyewe alifundishwa hivyo na mwalimu wake, kwa kipigo kama chetu.

"Pangeni mstari," alisema. "Mate hayadanganyi."

Nilikuwa wa kwanza. Nilijua damu ni yangu, na nilijua nikigundulika nimepoteza sare, shule, na kila kitu kilichonitoa Kabuku. Kinywa kilikuwa kimekauka kama unga. Nilitema upepo na povu kidogo. Fundi akasugua kwa kidole, doa halikutoka. Msichana wa Mnyuzi akatema huku akilia. Doa likafifia kidogo tu. Yule mvulana hakuwa na hofu, kwa kuwa hakuwa na kosa. Alitema mate mengi, ya mtu aliyetulia. Fundi akasugua, na kola ikawa nyeupe.

Mvulana alinitazama. Alitazama ngumi niliyokuwa nimeificha ndani ya gauni, na utepe wake ulikuwa humo. Angeweza kusema neno moja.

Fundi alimlaza mkono wa kulia juu ya meza ya cherehani. Hakutumia ubapa wa futi, alitumia ukingo wake. Pigo la kwanza mvulana alinyamaza. La pili nilisikia mfupa. Futi ilipovunjika, fundi alichukua mkasi mkubwa wa kukatia, akaupiga ule mkono kwa mpini wake, mpaka vidole viwili vikageuka upande. Msichana wa Mnyuzi alijikojolea. Mimi nilisimama. Nimejaribu kukumbuka kama nilifumbua mdomo, na sikufumbua.

Asubuhi nilimkuta mvulana barazani amekuja kuchukua shuka lake.

"Nitamwambia," nilisema.

"Ukimwambia, nitapata vidole vingine?" Alilitupa shuka begani kwa mkono wa kushoto. "Wewe vaa. Tukikosa wote wawili, tulifumua ya nini?"

Siku ya patano fundi alinipa lile lile shati la kola. Lilikuwa limekataliwa, hata hivyo.

Nikarudi shuleni nikiwa nadhifu. Mwalimu alisifu shati, kisha akaniuliza nilikuwa wapi miezi yote ile, akanichapa viganjani kwa utoro. Kidonda cha gumba kikafumuka, damu ikaingia kwenye mkono wa shati.

Nyumbani shangazi alinivua, akakaa kwenye kigoda, akatema mate kwenye doa na kuanza kusugua. Niliinama kuangalia. Doa lilipauka, likawa kivuli, likaisha.

"Shangazi," nilisema, "hiyo ilikuwa damu yangu."

"Ya nani tena?"

"Na mate ni yako."

Nikamweleza yote, tangu kola hadi mkasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwomba twende kwa fundi tukamwonyeshe.

"Fundi hakumpiga yule kwa ajili ya mate peke yake," alisema taratibu. "Angekuvunja wewe kidole, ningekwenda kumkamata shati mbele ya wateja wake, na anajua. Kwa ajili ya yule, nani angemwendea fundi?"

Kisha akauliza mvulana yuko wapi, nikamwambia kwamba alipanda gari la wanunuzi wa ng'ombe kurudi Mazingara, kwa baba yake, kuchunga kwa mkono mmoja.

Shangazi aliendelea kusugua mkono wa shati, mahali ambapo hapakuwa na kitu tena.