Mama Kapinga Aliomba Moto

Ukitaka kucheka, cheka sasa, kisha unisikilize. Mimi si mlevi, na asubuhi ile sikuwa nimeonja hata tone. Niliyoyaona kule juu kwenye uwanda wa Biano niliyaona kwa macho yangu haya mawili.

Mgodi uliposimama hapa Kolwezi, niligeuka muuza makaa. Nilipanda uwandani na baiskeli, nikachukua magunia kwa wachomaji, nikashuka nayo mjini. Jirani yetu alikuwa Mama Kapinga, mjane mwenye mtoto mmoja wa kike, Kapinga, bado ananyonya. Kwa miaka sita tulikuwa na moto mmoja: anayewahi kuwasha mbabula yake, jiko la makaa, asubuhi, mwenzake anakuja na kibati kuchukua kaa. Kwetu moto haunyimwi, hata kwa mtu mliyegombana naye jana.

Kisha wakaanza kuwafukuza watu wa asili ya Kasai, mkoa mwingine. Vijana walipita nyumba kwa nyumba. Mama Kapinga, naye wa huko, akakimbilia stesheni na wenzake, wakawa wanalala nje kungoja treni, na ilikuwa katikati ya majira ya baridi. Jioni ya kwanza alirudi kwa kujificha, akagonga kwangu.

"Tata, unisaidie makala kidogo. Mutoto anasikia baridi."

Niliogopa. Je, vijana wale wakiniona nikimpa makaa? Nikafyata mkia. "Ilisha kwisha, mama," nikamwambia, na magunia mawili yalikuwa nyuma ya mlango.

"Aksanti, tata," akasema, akaenda. Hilo "aksanti" lingali linanichoma.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nateremka kutoka Biano alfajiri. Wewe usiyepajua utasema Kongo hakuna baridi. Panda kule mwezi wa saba! Umande ulikuwa umeganda, nyasi nyeupe kama zimemwagiwa unga, na njia inateleza. Nilikuwa nasukuma baiskeli yenye magunia, vidole vimekufa ganzi kwenye usukani. Nyuma yangu gurudumu lilichora mstari mweusi katika ule weupe.

Mbele yangu nikamwona mwanamke anatembea peku, mtoto mgongoni. Niliijua kanga ile. Nikafurahi, niamini, nikaita, "Mama Kapinga!" Akasimama. Hapo ndipo nikatazama alikopita. Nyasi zilikuwa nyeupe vilevile, hakuna hata wayo mmoja.

"Tata, naomba moto," akasema. "Mutoto anasikia baridi."

Ningekimbia wapi? Nilifungua gunia. Aliyatazama yale makaa kwa muda mrefu.

"Kumbe iko," akasema. Hakusema kwa hasira. Afadhali angenitukana.

Niliwasha kwa nyasi kavu nilizozichimbua chini, nikapuliza mpaka machozi yakanitoka, na si kwa sababu ya moshi tu. Akakaa karibu kabisa, akamgeuza mtoto kifuani, akamsogeza kwenye moto. Kapinga hakulia wala hakujitikisa. Nikainama kupuliza tena, na nilipoinua kichwa hawakuwapo. Jua likapanda, umande ukayeyuka uwanda mzima. Pale alipokaa, hatua moja tu kutoka kwenye moto wangu, nyasi zilibaki nyeupe.

Nilipofika nyumbani nilimkuta mke wangu analia mlangoni. Mtu wa stesheni alikuwa ameleta habari.

"Kapinga alikufaka ku gare, usiku ya kwanza. Baridi. Na mama yake alimufwata kesho yake."

Usiku wa kwanza. Yaani usiku uleule niliosema yamekwisha.

Siuzi makaa tena. Vidole vyangu havipati joto hata nikivishika juu ya jiko, na kila majira ya baridi naacha mbabula inawaka nje ya mlango mpaka kunakucha. Hajaja mtu kuchukua.

Basi wewe, mtu akija kukuomba moto, usiulize kabila lake, wala usichungulie nani anapita njiani. Mpe. Usipompa atakuja kuuomba tena siku ambayo moto hautamfaa tena, na utampa, na utabaki umeona kwamba haukumfaa.