Kuku wa Chatu

Mume wangu alifuga chatu kwenye depo yetu ya mawese, hapo Rumonge. Alimnunua akiwa mdogo, ili ale panya waliokuwa wakitafuna chikichi. Kisha akampenda. Akaanza kumtupia kuku, kila wiki kuku, na kuku walikuwa wangu. Kipenda roho hula nyama mbichi, na yule alikula mbichi kwelikweli, mpaka akashindwa kujikunja. Magamba yaliachana kwa mafuta, ngozi ikaonekana katikati. Panya walipita mbele ya pua yake, hakujali.

Vita vilikuwa vimeshafika kwetu. Wanajeshi walikataza watu kuvua ziwani, hata dagaa wa Magara, ndagala zetu, hazikuja tena. Binti yetu, aliyeacha kunyonya si muda mrefu, akaanza kuvimba miguu na nywele kubadilika rangi. Muuguzi alinikaripia: "Mama, mutoto iko na bwaki. Umupatie yayi kila siku, bugali ya muhogo peke yake haitoshe."

Mayai niyatoe wapi, na kuku wa kutaga wanaishia tumboni mwa nyoka?

Nilimwendea mume wangu kwa upole ambao sikuwa nao. "Baba ya mutoto, ile nyoka yako itakufa na mafuta."

Hilo lilimgusa. Habari za mtoto hazikumgusa, za nyoka zilimgusa. Alimtia guniani, akampima kwenye mizani ya chikichi, akamwita veterineri. Huyo akaamuru rejimu: kuku mdogo mmoja mwezi ukiandama, basi, panya ajitafutie. Mji mzima ulikuwa ukilala njaa bila kuandikiwa na mganga, na nyoka wetu anapangiwa kula!

Sikulalamika. Kuku wangu wawili wakubwa waliobaki walipona, wakataga. Binti yangu alikula mayai, uvimbe ukashuka, akaanza tena kucheka na kunigombeza. Chatu naye alipungua vizuri, akarudi kuwinda.

Ndipo magari yakaanza kuviziwa njiani, barabara ya Bujumbura ikafungwa, mawese yetu yakalala deponi. Kwetu wako wanaoamini kwamba nyoka wa mfanyabiashara ndiye anayelinda mali yake. Mama mkwe alikuja, akasimama mlangoni, akanikazia macho mimi.

"Munakondesha nyoka, halafu munashangaa biashara inakufa? Ni mukono yako hii, mwanangu."

Bunduki zilifunga barabara, lawama nikabebeshwa mimi. Na mume wangu, aliyejua vizuri kwamba chatu alimnunua kwa ajili ya panya, akaitikia. Alimchukua kuku wa kwanza, kisha wa pili, huyo akiwa na yai tumboni. Niliomba. Nilimshika shati. Alisema barabara ikifunguka ataninunulia wengine kumi.

Haikufunguka. Binti yangu alivimba tena, safari hii hadi usoni, akafa.

Matangani majirani walileta kuku. Kuku wengi! Sijui siku zote hizo walikuwa wamewaficha wapi. Mama mkwe akamtenga mmoja mwekundu, akasema, "Huyu ni ya depo."

Nilimnyang'anya. Kwetu mwanamke hachinji, hutafuta mwanamume hata kama ni mpita njia. Nilimchinja mwenyewe mbele yao wote, nikampika. Hakuna aliyeigusa ile nyama. Niliila peke yangu, mpaka mifupa.