Sifuri ya Mama Dodoso

Kwa miaka kumi na mmoja Mama Dodoso alibisha hodi kwenye biashara za watu, akiuliza wana wafanyakazi wangapi, wanawalipaje, na mwaka huu wameongeza ajira ngapi. Jina hilo alipewa na wenzake wa ofisi ya takwimu, kwa sababu dodoso, ile fomu ya maswali, aliijua kwa kichwa. Wenye maduka walimkimbia wakidhani ni mtu wa kodi. Kinyozi mmoja alimwacha mteja na nusu kichwa, akapotelea uchochoroni. Mama akavuta kiti, akamsubiri. Hapo ndipo ninapompendea.

Meneja wa kiwanda cha kushona sare yeye hakukimbia. Alimkaribisha soda, akamwambia bila kupepesa macho kwamba mwaka huu wametoa ajira mpya mia moja na sitini. Mama akaomba kuona ukumbi wa kazi, kama utaratibu unavyotaka. Vyerehani vilikuwa arobaini. Hao wengine wanashonea mapajani? Akamwinamia mshonaji mmoja aliyekuwa anatia vifungo, akamuuliza alianza lini.

"Huu mwaka wa tano, dada. Kila miezi mitatu wananiachisha Ijumaa, Jumatatu wananiajiri upya."

"Mwaka huu umeajiriwa mara ngapi?"

"Nne. Na kiti ni hiki hiki."

Arobaini mara nne. Hasira ilimpanda Mama Dodoso mpaka masikioni. Akafungua fomu kwenye simu ya kazi, na kwenye nafasi ya ajira mpya akaandika sifuri.

Kesho yake mratibu wake, kijana wa kuvaa tai hata siku ya joto, alimwita. Alisema sifuri kwa kiwanda kikubwa namna ile itaharibu ripoti, na wakubwa wanaisubiri. Kazi ya mdadisi ni kuandika alichojibiwa, si kubishana. Kisha akamkumbusha, kwa upole kabisa, kwamba mkataba wake unaisha Ijumaa na orodha ya watakaoendelea anaiandika yeye.

Nyumbani, mumewe, fundi redio ambaye siku hizi haletewi redio, alimshauri kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Nimeinama miaka kumi na mmoja," akamjibu. "Sasa mgongo umegoma."

Mzee alicheka, ingawa wote wawili walijua chakula cha nyumba ile kinatoka kwenye mkataba huo.

Ijumaa mratibu alimwekea simu ya kazi mezani, fomu ya kiwanda imerudishwa isahihishwe, imefunguliwa pale pale kwenye sifuri. Abadilishe tu, Jumatatu arudi kusaini miezi mitatu mingine.

"Mwanangu," Mama Dodoso akasema, "hapa nimeshasaini mikataba arobaini na minne. Kwenye ripoti zenu mimi ni watu wangapi?"

Kijana akatazama tai yake. Mama akabonyeza kitufe cha kutuma, sifuri ikaenda kama ilivyo. Akaisukuma simu upande wa pili wa meza, akachukua mkoba wake, akatoka.

Jumatatu hakuitwa. Ilimuuma, wala hakuficha. Wiki iliyofuata mwenzake wa zamani alimpigia kumpa habari kwamba nafasi yake imepata mtu, na ofisi imeshamwandika: ajira mpya, moja.

"Hiyo ni ya kweli," Mama Dodoso akasema. "Nimeitoa mimi."